Tushuke Gia: Kutoka Namba Tano Hadi Namba Moja

Mtaani kila mtu ni dereva wa maneno. Timu ikizidiwa, mashabiki wanapiga kelele, "Ongezeni gia!" Kijana akichelewa kupeleka posa, utasikia, "Huyo bado yuko gia namba moja." Maneno matamu, ila yanaionea gia ndogo, na leo nimekuja kuitetea.

Kwanza hesabu. Pindua baiskeli, uhesabu meno. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, pedeli ikizunguka mara 1, tairi la nyuma linazunguka mara 3. Uwiano ni huo tu. Ukitaka mwendo, utaulipia kwa nguvu. Ukitaka nguvu, utailipia kwa mwendo. Sasa tupande pikapu ya gia tano, tuhesabu kwa kushuka.

5. Gia ya tano: bingwa wa sifa
Katika pikapu nyingi uwiano wake ni kama 0.8: injini ikizunguka mara 8, propela shafti inazunguka mara 10. Barabara ikinyooka, injini inatulia na mafuta hayaendi ovyo. Lakini hebu ondokea nayo kwenye mataa! Gari litatetemeka na kuzima, na honi za nyuma utazisikia hadi usiku ndotoni. Ewe unayejigamba umeanza biashara kwa gia ya tano, angalia kama injini bado inawaka.

4. Gia ya nne: msema kweli
Kwa kawaida uwiano ni 1 kwa 1. Injini ikizunguka mara 1, shafti nayo mara 1. Haiongezi chumvi wala haipunguzi. Rafiki wa namna hiyo ukimpata, usimwache.

3. Gia ya tatu: ya kubadilishia njiani
Mwaka 2015 nchini Tanzania, mwanasiasa Edward Lowassa alihama chama cha CCM akawa mgombea urais wa chama cha Chadema na washirika wake wa Ukawa. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akasema wamebadili gia angani, na usemi ukaenea nchi nzima. Fundi naye ana neno: gia habadili mtu bila klachi. Lazima injini iachiwe kidogo, meno yalingane mwendo, ndipo yashikane. Ukilazimisha, giaboksi italia, na kilio chake utakilipia gereji. Hata anayebadili msimamo awape wenzake nafasi ya kulingana naye.

2. Gia ya pili: mlinzi wa Kitonga
Katika mlima Kitonga, Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, dereva mzoefu hushuka na gia ndogo. Magurudumu yanalazimika kuizungusha injini kwa kasi, nayo inagoma, na ugomvi huo unalishika gari. Anayeweka frii ili aokoe mafuta anaziachia breki mzigo wote. Zikipata moto sana, hazishiki tena. Akiba ya lita mbili haijawahi kumfaa marehemu.

1. Gia namba moja: mfalme asiye na majivuno
Uwiano wake ni kama 4, na difu, yaani gia za kwenye ekseli ya magurudumu, nayo ina uwiano wa kama 4. Zidisha: injini inazunguka mara 16 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukiacha kinachopotea kwa msuguano, nguvu ya kuzungusha inafika gurudumuni ikiwa imekua karibu mara 16! Katika gia ya tano haifiki hata mara 4. Ndiyo maana gari likinasa kwenye matope na magunia yake ya mahindi, hakuna anayeiita gia ya tano.

Kwa hiyo ukimwona mtu anaanza polepole na mzigo mkubwa mgongoni, usimcheke. Yuko kwenye gia sahihi. Msukume kidogo, au mpishe.