Namna ya Kuiua Pawa Saplai Mara ya Pili

Pawa saplai ya mezani, ile ambayo fundi wa simu huiweka mbele yake ili aone simu iliyokufa inavuta umeme kiasi gani, hufa mara mbili. Kifo cha kwanza huletwa na stima, chumvi au betri. Cha pili huletwa na mwenyewe, bisibisi mkononi na wateja wamemsimamia kichwani. Mwongozo huu ni wa kifo cha pili. Umeandikwa kwa faida ya wenye vibanda kuanzia Ngome ya Yesu, ukifuata Ndia Kuu, mpaka utakapochoka kutembea.

Anza na fyuzi, bwana fundi. Ikiwa imekatika, usiulize imekatwa na nini, weka nyingine. Nayo ikikatika, weka ya ampea kubwa zaidi. Ukiikosa, kuna ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Hiyo haikatiki ovyo, na ndiyo maana transfoma itaungua badala yake. Transfoma ni kitu kizito na ghali kuliko vyote humo ndani, kwa hiyo ukifika hapo unaweza kufunga duka mapema.

Mafundi waoga hawana raha hii. Wao fyuzi huiangalia kwanza. Ikiwa waya umekatika tu na kioo ni safi, wanasema huenda mzigo ulizidi kidogo. Kioo kikiwa cheusi, au kimepasuka, wanasema kuna shoti, na fyuzi mpya haiondoi shoti. Kisha wanatafuta globu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, na kuiunga kwa mfululizo kwenye stima inayoingia. Wakiwasha, globu ikimulika mara moja halafu ikafifia, ni kapasita zimejaa tu. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ipo, lakini globu imeubeba mzigo na hakuna kingine kilichoungua. Globu ya LED haifanyi kazi hii. Maarifa haya yanaharibu kabisa mwongozo wetu, basi tusonge mbele.

Usitazame nyuma ya saplai. Huko mara nyingi kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Stima ya Kenya ni volti 240. Saplai iliyokuja kwenye mizigo ya jamaa kutoka Marekani, swichi ikiwa ilivyo, ukiichomeka itakujibu mara moja tu.

Sasa fungua kifuniko. Utakuta mende, na pengine mjusi kafiri aliyekaukia kati ya miguu ya kapasita. Mtoe, kisha utangaze kuwa umepata ugonjwa. Ule ukungu wa kijani kwenye shaba usiuguse, hata kama ndio ugonjwa wenyewe: upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na alfajiri bodi hupitisha umeme pasipostahili. Mwoga huisugua kwa brashi na spiriti safi, akaiacha ikauke vizuri. Wewe tia mafuta ya cherehani kwenye kitufe cha kuzungusha volti, ili siku kikipoteza mguso volti ziruke zitakako.

Chumvi hii si ya kuchezea, na ngome yenyewe inajua. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira, meli ya Kireno Santo António de Tanna ilikuja kuwaokoa waliomo ikazama papo hapo chini ya kuta. Wapiga mbizi wa akiolojia waliifukua kuanzia 1977 hadi 1980. Chuma kilicholala baharini karne kadhaa hakitolewi tu na kuwekwa rafuni. Kikikauka, chumvi iliyomo hukipasua vipande vipande. Njia moja inayotumika sana duniani ni kukiloweka katika maji ya alkali na kukipitishia umeme mdogo wa DC kwa miezi, kama si miaka, hadi chumvi itoke. Na kinachotoa umeme huo wa taratibu ni pawa saplai, ndugu ya hiyo uliyoifungua. Kifaa kimoja hutibu kutu ya miaka 300, na chenyewe huliwa na chumvi ya dirishani.

Sasa iinue saplai yako. Ikiwa nzito, ina transfoma ya chuma. Ikiwa nyepesi, ni ya swichi modi, na hapa utani naufunga kidogo: kapasita yake kubwa hubeba karibu volti 340, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Pima kwa mita. Zikiwepo, zipunguze kwa rizista iliyoshikwa na koleo lenye mpini wa plastiki, si kwa bisibisi, kisha upime tena. Saplai iliyokufa mara mbili hununuliwa nyingine. Fundi hauzwi.

Tuendelee kuharibu. Ukizungusha kitufe na volti zikabaki juu kabisa, transista za kutolea umeme zimeshika shoti. Katika saplai nyingi za zamani ni 2N3055, zile kofia za chuma zilizofungwa nyuma kwenye mapezi ya kupozea. Ng'oa, weka mpya, na ile karatasi nyembamba ya mika iliyokuwa chini yake itupe. Kofia hiyo ndiyo kolekta, na mapezi yameshikana na kasha zima la chuma. Umerudi kwenye fyuzi, ukurasa wa kwanza.

Kuchaji betri ya tuktuk kwa saplai hiyo hiyo pia kunapendeza. Stima ikipotea, betri hugeuka ikaanza kuilisha saplai kinyumenyume kupitia njia ambazo hazikutengenezwa kwa safari hiyo. Ukizigeuza klipu, nyekundu kwa nyeusi, huna haja hata ya kusubiri stima ipotee. Mwoga huweka dayodi nene kwenye waya wa chanya ili umeme usirudi, huzitazama klipu mara mbili kwa kuwa dayodi hiyo haizuii kosa la kuzigeuza, kisha huenda kunywa kahawa.

Mwisho ni majaribio. Mwoga huchukua globu ya taa ya gari, ya volti 12 na wati 55, inayovuta zaidi ya ampea 4, akaiacha iwake nusu saa huku akigusa mapezi na kutazama mita kama volti zinashuka. Lakini globu haina mwenyewe wa kulalamika. Unga simu ya mteja, weka volti 4 kwa kukisia, washa. Ukiona moshi, mwambie uliletewa ikiwa imekufa. Hilo, angalau, ni kweli.