Mzuka wa Mapigo 128

Haya, fundi wa biti, tutishe. Umeweka kinanda cha kanisani, mlango wenye kutu, radi na mbwamwitu, vyote vya kupakua bure. Chini yake ngoma ya mapigo 128 kwa dakika, ili marehemu naye apate kucheza. Kicheko cha mchawi kinarudi kila sekunde 15. Ana ratiba huyo kuliko treni ya Uswisi. Mwaka 1978 John Carpenter aliitia baridi filamu yake Halloween kwa piano na hesabu ya tano tano, mguu ukakosa pa kutua. Wewe umeng'ang'ania nne nne. Unaogopa nini, wachezaji wataketi?