Mwongozo kwa Anayedhani Anachagua Kozi

Hongera, matokeo ya kidato cha sita yametoka na umefaulu. Kuanzia leo kila shangazi atakuuliza unataka kuwa nani. Usikurupuke kumjibu. Uliza kwanza kozi zipi zipo.

Ujue pia kwamba umeshachelewa. Uamuzi ulipita kidato cha tatu, pale shule yenu ilipokosa mwalimu wa fizikia na darasa zima likajigundua lina wito wa historia. Ulipopangiwa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mlango wa udaktari ulifungwa kimyakimya, hata hukusikia kitasa. Mwenye PCB (fizikia, kemia na biolojia) naye asijivune: ataomba udaktari Muhimbili pamoja na PCB wenzake wa nchi nzima, kisha atajikuta anaipenda mno sayansi ya wanyama kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mapenzi ya namna hii huchipuka awamu ya pili ya udahili na kukomaa awamu ya tatu.

Sasa fungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Majina ya kozi yaache kwanza, soma safu ya sifa za kujiunga. Kozi nyingi zinataka angalau pointi 4 kwa masomo mawili, A ikiwa pointi 5 na E pointi 1. Ukizipata unaruhusiwa kupanga foleni, basi. Na majina yenyewe yana hila. Kozi yenye neno "maendeleo", "mipango" au "usimamizi" inaweza kufundisha chochote. Ukiyakuta yote matatu kwenye jina moja, mtafute aliyehitimu mwaka juzi umuulize anaamkia wapi asubuhi.

Halafu kuna mkopo. Bodi ya Mikopo imezoea kutaja fani za kipaumbele, na hapo utaona miujiza: kijana aliyeapa hatashika chaki maishani anaamka na ndoto ya kufundisha fizikia. Usimcheke. Bumu, yaani mkopo huo, limebadilisha ndoto nyingi kuliko washauri nasaha wote.

Ukichaguliwa vyuo viwili, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Hapo mjomba ataomba simu aone. Utathibitisha kilicho karibu na kwake, maana sebule ni yake na godoro ni lake.

Mimi nilitaka sheria. Chuo kilichonichukua kilikuwa na nafasi kwenye lugha, nikaenda. Kwenye usaili wa kazi nilieleza kwamba Kiswahili kilikuwa wito wangu tangu utotoni. Kufikia usaili wa tatu nilikuwa nimeshaamini mwenyewe.

La mwisho: tangu 2017 maombi hutumwa chuoni moja kwa moja, hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU. Tuma mapema. Siku ya kufunga dirisha mtandao huzunguka tu, na ada ya maombi hairudishwi.