Silensa Iko Juu, Mgosi

Pikipiki yangu ikisimama inapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa shamba la urithi. Nimeachia resi, gia iko huru, mikono nimeiweka mapajani ili kila mtu aone kuwa simo, na bado injini inapaa yenyewe. Injini ya aina hii ikiwa imetulia, na mzunguko huo wa utulivu ndio tunaouita silensa, inatakiwa izunguke mara 1,400 hivi kwa dakika. Yangu haina kipimo cha mizunguko, lakini masikio ninayo. Majirani nao wanayo, hasa siku ya msiba.

Huku kwetu Vuga salamu si kitu cha kurusha ukipita. Ukikutana na mzee unasimama. Unaulizwa nyumbani, watoto, shamba, mvua, halafu unaulizwa tena yale yale kwa maneno mengine, na yote unayajibu. Sasa jaribu kumjibu mzee habari za mahindi huku umekalia chombo kinachonguruma. Anadhani una haraka, au umepata fedha. Ukizima, ujue kuna kupiga kiki upya, na pikipiki ya umri huu ikiwa ya moto haipendi kuamshwa. Basi nazima, nasalimu, napiga kiki mpaka goti linalia, na mzee anayenitazama kwa huruma ananiambia, "Mgosi, silensa iko juu."

Hilo ndilo linaloniudhi. Tarafa nzima inajua silensa iko juu. Anayejua kwa nini iko juu ndiye sikumpata.

Vijana wa bodaboda kijiweni wana tiba moja tu, nayo ni bisibisi. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ya silensa, imekaa mahali pa wazi panapofikika kwa urahisi, na nadhani aliyeiweka pale hakuwahi kufika kijiweni. Hujamaliza kueleza tatizo, kijana ameshainama. Anailegeza kidogo, sauti inashuka, anapokea hela ya soda. Unapanda mlima, injini inapata moto, sauti inarudi palepale. Kesho yake kijana mwingine anailegeza tena. Imelegezwa na kulegezwa mpaka ncha yake haigusi kitu huko ndani, imebaki pambo. Kelele ipo. Hapo hata mtu asiyejua spana namba kumi angeuliza: kama skrubu ya kupandisha silensa haigusi kitu, nani anayeipandisha?

Kijiweni hawaulizi hivyo. Wanauliza kama nina bisibisi kubwa zaidi.

Wenye elimu nao hawakuniacha. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia shida ni mlima: hewa ya huku ni nyembamba, injini inahangaika kuitafuta. Nadharia nzuri, ila imepinda. Hewa ikiwa nyembamba, mafuta ndiyo yanayozidi kwenye mchanganyiko, na injini iliyozidiwa mafuta hulegea na kutoa moshi mweusi, haikimbii. Isitoshe, ingekuwa kosa la mlima, ningeshuka Soni, nikashuka tena hadi Mombo kule kwenye joto, pikipiki ikatulia. Wapi! Mombo ndiko inakopiga kelele hadi abiria wa mabasi ya Arusha wanageuza shingo.

Na huko kushuka kwenyewe ni mtihani. Watu wa tambarare hawajui raha ya kuachia resi kwenye mteremko, injini ikakushika na kukurudisha nyuma. Sisi ndiyo breki yetu ya kwanza. Silensa ikiwa juu breki hiyo haipo: unaachia resi, na injini inaendelea kukusukuma kuelekea kona, kwenye kona lipo lori la kabichi, na utingo wake anakuonyesha kwa mkono kwamba upunguze mwendo. Nipunguze nini, ndugu yangu, na mimi mwenyewe napelekwa?

Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala milima hii ya Usambara akiwa hapahapa Vuga. Mmisionari Krapf alipanda kumwona mwaka 1848, kwa miguu. Wapelelezi Burton na Speke wakaja mwaka 1857, nao kwa miguu. Zamani nilikuwa nawaonea huruma.

Fundi wa kwanza, maana kuna mafundi na kuna wenye bisibisi, alishuku waya wa resi. Akaniambia niwashe kisha nikate usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Waya ukiwa mfupi au umebanwa, sauti hupanda usukani ukikatwa. Haikupanda. Ningempa heko kwa kipimo hicho, kwa sababu ni kipimo cha kweli na hakigharimu kitu, ila alipokwisha kuthibitisha kwamba waya hauna kosa, akanishauri ninunue waya mpya. Fundi wa pili aliishusha kabureta, akaiosha kwa petroli, akachokonoa jeti kwa uzi wa waya wa klachi. Jeti ni kitundu kilichotobolewa kwa kipimo. Ukikichokonoa kwa chuma unakipanua, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta kwa bidii. Alipoirudisha kabureta alikaza nati zake mbili kwa nguvu zote, akashusha pumzi, akakaza tena. Mafundi wetu wanaamini nati haijakaza mpaka ilie.

Kisha nikakutana na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kiwanda cha uchapaji cha Walutheri hapa Vuga. Ukifunua vitabu vya Kiswahili vya zamani, kwenye kurasa za mwanzo utakuta jina la Vuga. Ni mashine hizo. Mzee hana bisibisi mfukoni. Aliuliza maswali.

"Ikiwa ya baridi inafanya hivyo?"

"Kidogo, mzee."

"Na ukiachia resi, sauti inashuka mara moja au inaning'inia kwanza?"

"Inaning'inia."

"Inavuta hewa ya wizi hiyo, mwanangu."

Akanieleza kwa utulivu ambao sikuuzoea kijiweni. Hewa yote ya injini inatakiwa ipite ndani ya kabureta, ichanganyike na petroli kwa kipimo. Pakiwa na upenyo kati ya kabureta na injini, hewa nyingine inaingia bila kupitia huko. Mafuta yanakuwa machache, hewa nyingi. Injini inapata joto kupita kiasi na mizunguko inagoma kushuka. Hapo utalegeza skrubu mpaka uchoke. Akatoboa kizibo cha chupa ya maji, akanyunyizia kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Maji yalipogusa pale kabureta inapokutana na njia ya kuingilia injini, sauti ikashuka ghafla, kisha ikapanda tena. Wapo wanaopima kwa petroli, akasema, na wapo walioungua nyusi.

Tukaishusha kabureta. Mzee akaweka rula juu ya uso wake, akaiinua kuelekea dirishani, akaniita. Mwanga ulikuwa unapita katikati. Yale masikio mawili yanayokazwa kwa nati yalikuwa yamevutwa mbele na miaka ya kukazwa hadi kulia, na katikati pamebaki pengo. Oringi ya mpira inayotakiwa kuziba pengo hilo ilikuwa bapa, ngumu, imepasuka upande mmoja. Mtu aliyezeeka akitafuta kwa nini herufi za upande mmoja wa karatasi zimefifia hahitaji kuambiwa maana ya uso uliopinda. Alitandika msasa juu ya kioo cha dirisha, akausugua uso wa kabureta taratibu kwa mduara, anapima, anasugua, mpaka rula ikakataa kupitisha mwanga.

Ikabaki oringi. Injini yangu ni ya ukoo wa CG125, ambayo Honda waliitengeneza miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki hukumbuka oili anapoona moshi. Wachina wameiiga mpaka vipuri vyake vimejaa kila duka. Nikaenda kwenye duka moja la vipuri, nikaonyesha oringi ya zamani.

"Hiyo haiuzwi peke yake, kaka. Chukua kabureta nzima."

Kampira kasikozidi ukubwa wa pete ya kidole gumba, naambiwa ninunue kabureta! Nikajaribu oringi ya bomba la kupulizia dawa ya nyanya. Mzee akaitupa, akasema mpira usiotengenezwa kwa petroli utavimba na kuoza. Mwishowe konda mmoja wa basi aliniletea ya kweli kutoka Korogwe. Tukaifunga, nati zikakazwa kwa mkono wa kiungwana, na nilipoachia resi sauti ikashuka papo hapo.

Ikashuka, ikaendelea kushuka, ikazima.

Mzee akacheka. Bila shaka izime: hewa ya wizi imekatwa, na skrubu ya silensa imelegezwa na kila mwenye mkono kuanzia hapa hadi Soni. Sasa ndiyo wakati wa bisibisi, akasema, ikaze kidogo tu. Nikainama kuitafuta ubavuni. Palikuwa na tundu. Skrubu na springi yake vilikwisha kuanguka zamani, mahali fulani kwenye kokoto za Vuga.

Nikarudi dukani. Jamaa alinitambua kabla sijashuka.

"Kaka," akasema, huku ameshaanza kufungua boksi, "hiyo nayo haiuzwi peke yake."