Boksi la Besi Sebuleni

Mume wangu anapiga besi kwenye bendi ya dansi, mimi nashona nguo. Kwa miaka mingi vyombo vyetu vya kazi vimekaa sebule moja bila kugombana, cherehani yangu dirishani, gitaa lake ukutani. Amani hiyo ilivunjika siku spika ya amplifaya yake ilipoungua koili katikati ya harusi. Watu walikuwa wamekolea kwenye sebene, besi ikakata, na kabla wimbo haujaisha uwanja ukabaki na watoto peke yao. Kuna wanaosema besi haisikiki. Waiondoe kwenye sebene, kisha waangalie miguu ya watu.

Usiku ule hakula. Kesho yake tukakaa kikao: yeye, mama mkwe tunayeishi naye, shemeji yangu, na mimi nikiwa na pindo la gauni la mteja mapajani. Ajenda ilikuwa moja, boksi gani la spika linunuliwe. Mume wangu alishataka lake tangu ujana, boksi la spika nane za inchi 10 kwa mtindo wa Ampeg SVT, mtambo wa wati 300 uliotoka Marekani mwaka 1969 kwa ajili ya majukwaa makubwa. Shemeji akapinga. "Kaka, besi ni inchi 15. Hayo mengine mapambo." Naye alikuwa na ushahidi wake: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown miaka ya 1960, alitumia Ampeg B-15, na mle ndani mna spika moja tu ya inchi 15. Walibishana hadi chai ikapoa. Mama mkwe ndiye aliyeuliza la maana.

"Mwanangu, hilo boksi litalala wapi?"

"Hapa sebuleni, mama."

La spika nane ndilo lililoshinda. Lilikuja juu ya guta, kuukuu lakini zima. Kimo sentimita 122, uzito zaidi ya kilo 60. Jirani akatokeza kichwa mlangoni: "Shoga, mmenunua friji?" Vijana wanne walilipitisha kwa ubavu, wakalisimamisha kati ya kabati la vyombo na meza yangu ya kukatia. Mume wangu akachomeka waya, akasimama katikati ya chumba na gitaa lake, akapiga uzi mnene ukiwa wazi.

Mezani nina kisahani cha pini. Pini zikaanza kutembea. Zilijikusanya upande mmoja, zikapanda ukingo, zikamwagika sakafuni. Vikombe vikagongana kabatini. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi lililoegemea ukuta, akashika kifua. "Mwanangu, mbona moyo unanicheza?" Mume wangu hakuwa na habari. Akageuka kwangu, uso umemwanguka: "Mbona halina besi?" Akaongeza sauti.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyegundua. Alikuwa akikimbia kutoka kwa bibi yake kwenda kwa baba yake na kurudi, akapiga kelele: "Baba, kwa bibi inanguruma! Hapo ulipo haipo!" Tukabadilishana nafasi. Kweli. Ukutani sauti ilijaa kama maji ya mtungi, katikati ilikuwa imekauka. Nikatoa futi kamba yangu, nikapima kutoka ukuta wa kochi hadi ukuta wa kabati: mita nne na vidole.

Hapo ndipo kiini kilipo. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sebule ya mita nne ni karibu nusu ya wimbi hilo. Nusu ya wimbi ikinasa kati ya kuta mbili, mgandamizo wa hewa hupanda kwenye kuta na kufifia katikati. Kwa hiyo mpigaji anayesimama katikati ya chumba anaongeza sauti ili asikie kitu ambacho kimeshamfikia mama yake mbavuni. Lawama isiliendee boksi wala mpigaji. Boksi la besi halijaribiwi sebuleni, na dukani kwenye kona pia halijaribiwi, kwa sababu kona huongeza besi ambayo ukumbini hutaikuta.

Shemeji hakuyasikia hayo. Jioni akafika na bajaji na boksi lake la inchi 15. Alitaka yaunganishwe yote mawili, moja litoe uzito, lingine litoe mlio. Hoja hii ya uzito wa inchi 15 naikataa. Upana wa spika peke yake hauamui sauti itashuka mpaka wapi. Kinachoamua ni spika na boksi kwa pamoja: ujazo wa ndani, tundu kama lipo, na jinsi spika yenyewe ilivyoundwa. Neville Thiele wa Australia aliweka hesabu hizo mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na boksi la inchi 10 lililopigiwa hesabu vizuri linaweza kushuka kuliko la inchi 15 lililopigwa misumari kwa kukisia.

Wakayaunganisha. Wimbo wa kwanza haukufika kiitikio. Amplifaya ikanyamaza, ikawaka taa nyekundu, na harufu ya moto ikaenea chumbani. Wakati huo nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake nikiokota pini zangu, na pale nyuma, kwa maandishi madogo, nikasoma kwamba isipewe mzigo ulio chini ya omu 4, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kila boksi liliandikwa omu 4. Wao walijumlisha wakapata 8. Lakini maboksi mawili yenye omu sawa yakiunganishwa sambamba, omu hugawanyika kwa mbili, hivyo amplifaya ilikuwa inavuta mzigo wa omu 2. Bahati ina kinga ndani. Ilipopoa iliwaka tena, na sala ya shukrani aliiongoza mama mkwe.

Baada ya hapo niliomba niende nao Kariakoo. Muuzaji mmoja alikuwa akitusifia wati: elfu moja, elfu mbili. Wati za boksi zinaeleza litahimili nguvu kiasi gani kabla koili haijaungua, hazielezi litasikika vipi. Mimi nilitafuta namba ya desibeli, sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Boksi la desibeli 100 likishindana na la 97, la pili litahitaji amplifaya yenye nguvu maradufu ili yalingane. Nilitafuta na omu. Kisha nikamwambia mume wangu ainue kila boksi mwenyewe, kwa mkono mmoja, atembee nalo hadi barabarani.

Tulichukua mawili yanayofanana, kila moja spika moja ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimiamu, ambayo ni nyepesi sana kuliko sumaku za zamani, na kila moja omu 8, ili yakiwa pamoja yawe 4. Kwenye kitchen party anabeba moja. Kwenye ukumbi anayapandisha moja juu ya jingine, la juu likaribie sikio lake asiwe na haja ya kuwapigia kelele walio mbele. Tuliyajaribu uani bendi inakofanyia mazoezi, ngoma na magitaa yote yakilia, na mpiga solo aligeuka mwenyewe kuangalia kumetokea nini.

Lile kubwa alilinunua mwenye baa anayewaalika Jumamosi, likae pale pale jukwaani. Mimi nimeyashonea haya madogo vifuniko vya turubai kwa ajili ya vumbi na mvua ya masika, nikaacha kidirisha cha nailoni mgongoni, ili namba ya omu isomeke bila kuvivua.