Shangazi Karudi na Elfu Kumi Yake

Shangazi alirudi kitini na elfu kumi yake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata maneno ya MC. Alikuwa ameshainuka, kajifunga khanga kiunoni, anakuja kunitunza kwa ule mwendo wa madaha wa kina mama ukumbini, noti nyekundu juu, vigelegele nyuma. Akafika. Akacheza palepale akingoja muziki uanze. Mimi nakaza uzi. Akazunguka, akatabasamu kwa kamera. Nakaza uzi. Mwisho akaniinamia sikioni, "Baba, ukiwa tayari utaniita," akaikunja noti, akaitia kwenye pochi, nikasikia zipu ikifungwa.

Ilikuwa sendoff ya binamu yangu, juzi Jumamosi, hapa Dar es Salaam. MC alikuwa ameshanitambulisha kama "mwanamuziki wa familia" kwa sauti ile wanayotangazia wabunge. Nilipotoa ukulele kwenye mfuko akanyamaza kidogo, akausogelea, akaita kwenye maiki: "Jamani, hili gitaa bado linanyonya?" Meza zote zikaangua kicheko, hata meza ya wakwe, ambao walikuwa wamenuna tangu pilau ichelewe.

Watu hucheka wasichokijua. Ukishika gitaa, uzi ulio karibu na kidevu chako ndio wenye sauti nene kuliko yote, na kila unaofuata ni mwembamba zaidi mpaka wa chini. Utaratibu unaeleweka, kama foleni ya shule kwa kimo. Ukulele umeukataa. Una nyuzi nne tu, na uzi wa juu kabisa, G, hutetemeka mara 392 kwa sekunde. Unaofuata, C, unaporomoka ghafla mpaka 262. Kisha E, 330, kisha A, 440. Maana yake sauti nene imefichwa ndani na zile nyembamba zimewekwa ulinzi pande zote mbili. Upitishe kidole kwenda chini au kurudi juu, nyembamba inatangulia na nyembamba inafunga. Hakuna besi ya kukoroma. Ndiyo maana chombo hiki hakijui kununa. Nimewahi kujaribu kupigia wimbo wa msibani nikiwa peke yangu chumbani. Nikajikuta natingisha bega.

Na bado sijasema la ajabu zaidi. Nyuzi tatu za mwanzo, G, C na E, zikiachwa wazi bila kuguswa, tayari ni sauti tatu zinazopatana. Anayeharibu ni A peke yake. Mbane kwa kidole kimoja kwenye kizuizi cha tatu shingoni, anapanda na yeye kuwa C, ugomvi umekwisha. Kidole kimoja! Gitaa litakuchubua vidole wiki nzima kabla halijakupa hicho. Hapa nyuzi ni za nailoni, hazikati ngozi, na chombo chenyewe, kile cha saizi ndogo, kina urefu wa nusu mita na ushei, kinalala kifuani ukiwa umejinyoosha kitandani. Mtu asiyejua lolote asubuhi, jioni anaimbisha watoto wa jirani. Huo ndio utamu wake, na ndio msiba wake pia: kila mtu anaona kwamba ni rahisi, kwa hiyo ni bure.

Maana mambo ya pesa nitayasema. Kamati ilimlipa MC. Ikamlipa mpambaji, mpiga picha, kijana wa droni aliyeirusha ndani ya ukumbi mpaka ikavuruga maua, na mwoka keki ambaye keki yake nusu ilikuwa boksi lililopakwa krimu. Mimi nikaambiwa, "Wewe si ndugu yetu bwana." Undugu huo haukuonekana wakati wa kukusanya michango, mimi nililipia kadi ya watu wawili nikaja peke yangu, na mweka hazina alinipigia simu kunikumbusha kabla hata sijamaliza kuisoma kadi. Muziki ndio kazi pekee mjini hapa ambayo mtu anakuomba uifanye bure huku akikueleza jinsi anavyoipenda. Fundi bomba hakuna anayemwambia "njoo utupe raha".

Mafundi waliouzaa ukulele walikuwa na bahati nzuri zaidi. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliingia Honolulu, Hawaii, na mamia ya watu kutoka kisiwa cha Madeira, Ureno, waliokuja kufanya kazi ya mashamba ya miwa. Kati yao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye wakafungua karakana mjini, wakavichukua vigitaa vya kwao Madeira, wakaanza kuchonga kitu kipya kwa mti wa huko uitwao koa. Mfalme Kalākaua akakipenda, kikapigwa kwenye hafla za ikulu. Mfalme! Laiti angekuwa mwenyekiti wa kamati yetu.

Turudi jukwaani, nikikaza uzi. Ulikuwa mpya, kwa sababu mpwa wangu wa miaka minne aliukata wa zamani kwa mkasi wa kucha ili aone sauti inakaa wapi. Nailoni mpya haina msimamo: unaikaza, inafika, unageukia uzi mwingine, yenyewe inajinyoosha taratibu na sauti inashuka. Itafanya hivyo siku kadhaa mpaka itulie. Nilijua, ndiyo maana nilikwenda na kile kifaa kidogo cha kupimia sauti, kinachobanwa kichwani mwa ukulele. Kifaa hiki hakisikilizi hewa. Kinahisi mtetemo wa mbao yenyewe, kwa hiyo watu wapige soga, watoto walie, vyombo vigongane, hakijali. Mtu aliyekibuni alikuwa na akili sana. Ila hakuwahi kuhudhuria sendoff.

DJ, kwa nia njema kabisa, alinionea huruma akaweka wimbo wa kuzibia pengo. Besi ikapita sakafuni, ikapanda kwenye kiti, ikaingia kwenye mbao za ukulele. Nakaza A, kifaa kinaniandikia D. Nalegeza, D. Naondoa mkono kabisa, D. Kilikuwa kinampima DJ. Na kilimkuta yuko sawasawa, taa ya kijani inawaka, huku Shangazi anazunguka mbele yangu na noti.

Nilipiga mwishowe. Dakika moja hivi, bibi harusi mtarajiwa akiwa ameshaketi.

Nikirudi na daladala, konda akauangalia mfuko mapajani, akauliza kama mtoto kalala. Kariakoo Jumatatu sikupata nyuzi. Muuzaji akanishauri nikachukue mshipi wa kuvulia, na ana haki, kwani baadhi ya nyuzi nzuri za ukulele ni fluorocarbon, kitu kilekile wanachovulia samaki. Mlinzi wa ofisini ameomba nimfundishe, anajua nyimbo zote, ananishinda.

Jana mwenyekiti wa kamati akapiga. Nikadhani ni pole. Kumbe mwanawe anapata kipaimara mwezi ujao, nije na "kale kagitaa", chakula kipo. Nikamuuliza, na malipo je, mzee?

Akasema mtandao unakatakata.