Mke au Ole?
Kwenye simu ya vitufe, herufi 26 zimebanana katika vitufe 8, na T9, programu ya kubashiri maneno, ndiyo huamua ulitaka kusema nini. Bonyeza 653: ni mke, au ole? 5252 nayo ni kaka, au lala? Watetezi wa T9 husema huchagua neno litumikalo zaidi katika orodha yake ya maneno. Sawa, ila Kiswahili hakikai kwenye orodha. Kitenzi hujivika viambishi mbele na nyuma, na hakuna kamusi inayoliorodhesha “hatukuwaandikia”. Simu janja, tunaambiwa, hujifunza kwa mtumiaji. Kweli hujifunza: andika “xaxa” mara kadhaa, utapendekezewa kwa heshima zote, huku “hatukuwaandikia”, masikini, likipigiwa mstari mwekundu.